Soketi ya Nusu Inchi

Kila asubuhi ya likizo Bosibori aliamshwa na mkebe. Kra-kra-kra! Baba yake, Fundi Omwenga, alikuwa ameshafika gerejini na anatikisa mkebe wa mafuta ya Kimbo alimotia soketi zake zote. Alizichakura kwa vidole kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe. Akitaka soketi ya kumi na saba, ilikuja ya kumi na tisa. Akitaka ya kumi na tisa, ilikuja ya kumi na nne. Siku moja kilikuja kigunzi cha mahindi, na hakuna mtu aliyekubali kuwa ndiye aliyekula mahindi hayo.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yao, kando ya barabara ya Kaplong: nguzo nne, mabati juu, na ardhi nyeusi kwa oili. Wazazi wa Bosibori walitoka Kisii wakahamia huku kabla yeye hajazaliwa. Miaka hiyo ya tisini kila dereva wa pande hizo alijua kwa Omwenga. Zilikuja pikapu za maziwa, zikaja trekta, na hasa yalikuja malori ya kubeba majani ya chai, kwa maana huko ukitupa jiwe upande wowote litaangukia shamba la chai.

"Bosibori! Njoo na macho yako, yangu yamechoka!" baba aliita.

Bosibori, msichana wa darasa la sita, alikuja huku akipiga miayo. Aliinama juu ya mkebe, akatafuta, akapata.

"Baba, huu mkebe utakumaliza," alisema. "Kwa nini hupangi hizi soketi?"

"Nimepanga. Si zote ziko ndani ya mkebe?"

"Hiyo si kupanga, Baba. Hiyo ni kumwaga."

Omwenga alicheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akaokota kipande cha ubao, nyundo na misumari mirefu, akampa binti yake. "Haya, fundi wa kupanga. Nipangie, nione."

Huenda alidhani mtoto atacheza kidogo, achoke, aende zake. Hakumjua binti yake vizuri. Bosibori alizimwaga soketi zote kwenye karai na kuziosha kwa mafuta ya taa, kwa sababu maji yangezitia kutu. Soketi, kwa asiyezijua, ni kama vikombe vidogo vya chuma. Mdomo wa kikombe hushika kichwa cha bolti, na upande wa nyuma una tundu la mraba la kuingiza mpini wa kuzungushia. Kila bolti ina soketi inayoifaa. Ukitumia isiyofaa na kulazimisha, kichwa cha bolti hukwanguka kikawa duara, na hapo hakishikiki tena.

"Angalia pia hili," baba alimwambia. "Lori za zamani za Uingereza, bolti zake zinapimwa kwa inchi. Pikapu za Japani ni milimita. Nyingine zinafanana sana kwa macho, lakini si moja. Usizichanganye."

Bosibori alipigilia misumari ikatokeza upande wa pili wa ubao, ikasimama kwa mistari miwili. Mstari wa inchi aliupaka rangi nyekundu, wa milimita rangi ya buluu. Kila msumari uliandikwa namba yake, na kila soketi ikavalishwa kwenye msumari wake, kuanzia ndogo hadi kubwa. Soketi za kumi na tatu zilikuwa mbili, hivyo ile iliyochakaa mdomo akaitupa chini kabisa ya sanduku la vifaa pamoja na takataka nyingine. Ubao wenyewe ukakaa juu, umeingia sandukuni sawasawa.

Ubao huo ulibadilisha kazi. Sasa Omwenga alinyoosha mkono bila hata kuangalia, akachukua alichotaka. Akimaliza, aliangalia ubao mara moja tu: misumari yote ikiwa imevaa, basi hakuna kilichobaki ndani ya injini ya mtu. Madereva walikuja kushangaa.

"Fundi, sasa uko na duka, si gereji," alisema Bwana Johana, dereva wa lori la chai.

"Ni kazi ya huyu," Omwenga alijibu, akimwonyesha Bosibori kwa kidevu. "Akiendelea hivi, likizo ya Agosti namfundisha kufungua injini."

Bosibori alisikia masikio yakipata moto kwa furaha. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kufungua injini. Nguo mpya ya Krismasi ingeweza kungoja.

Baba aliweka sharti moja tu: soketi haitoki gerejini bila yeye kujua.

Jumamosi moja, Omwenga akiwa amekwenda Sotik kununua vipuri, alikuja Chepkurui, rafiki ya Bosibori wa kutoka ng'ambo ya kijito. Alikuwa anahema.

"Bosibori, wilbaro ya Kogo inayumba gurudumu. Jana maziwa ilimwagika nusu. Wewe si ni fundi?"

Kogo ndiye bibi yake Chepkurui, maana Wakipsigis humwita bibi hivyo. Kila asubuhi alisukuma maziwa kwa wilbaro hadi barabarani. Na hilo swali la "wewe si ni fundi" lilimwingia Bosibori vizuri sana. Angeweza kungoja baba arudi. Badala yake alichukua mpini, akachukua na soketi ya nusu inchi, maana aliwahi kuona nati za wilbaro ile na alizijua. Walikimbia wakavuka kijito, akakaza nati, gurudumu likatulia. Kogo alikuwa shambani akichuma chai, kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyeona kazi hiyo.

Alipofika nyumbani, mpini ulikuwa mkononi lakini mfuko wa sketi ulikuwa mtupu. Soketi haikuwamo. Alirudi njia ile ile ameinama, akipapasa majani, mpaka mvua ya Aprili ikamfukuza.

Sasa katika mstari mwekundu palikuwa na msumari mtupu. Ulionekana kutoka mbali kama pengo la mtoto aliyeng'oka jino. Bosibori alisikia gari likisimama barabarani, akadhani ni baba. Aliingiza mkono hadi chini kabisa ndani ya sanduku, akatoa ile soketi ya kumi na tatu iliyochakaa, akaivalisha kwenye msumari wa nusu inchi. Namba yake akaigeuzia upande wa ndani. Kwa macho, hakuna ambaye angejua.

"Nitaitafuta kesho," alijiambia, "na nitairudisha kabla hajagundua."

Kesho yake ilikuwa kanisa. Jumatatu alitafuta kidogo. Jumanne alitafuta kidogo kuliko hata Jumatatu, na kwa kuwa msumari ulikuwa umevaa, mwenyewe alianza kuzoea kuutazama.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, lori la Bwana Johana liliingia gerejini likitoa mvuke puani. Lilikuwa lori kuukuu la Kiingereza, na pampu yake ya maji ilikuwa imepasuka.

"Fundi, nisaidie," Johana alisema akishuka. "Pampu mpya ninayo hapa. Lakini watu wako kituoni na majani, na leo wamechuma si mchezo."

Bosibori alijua maana yake. Kituoni, wakulima hufunga majani kwenye magunia na kupanga foleni wakingoja lori. Majani yakikaa sana yamebanwa hupata joto, yakageuka mekundu, na kiwanda hakiyapokei. Jasho la siku nzima hutupwa kwenye nyasi.

Omwenga alilala chini, akajisukuma mpaka chini ya injini. Miguu tu ilionekana.

"Bosibori, nipe nusu inchi!"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini Johana alikuwa anatembea huku na huku akitazama jua, na Agosti ilikuwa mbele yake, na soketi mbili zile zinatofautiana kwa kitu chembamba kuliko ukucha. Labda itafungua, aliwaza. Alitoa kumi na tatu kwenye msumari, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake.

Ilisikika sauti ya mpini ukivutwa kwa nguvu. Kisha: krrrk!

Bosibori alifumba macho. Baba alitoka chini ya lori polepole. Aliifuta soketi kwa kitambaa, akaigeuza, akasoma namba. Aliangalia ubao, akaiangalia tena soketi.

"Hii ni kumi na tatu," alisema. "Nani aliweka hii kwa nusu inchi?"

"Labda ni ule kijana wa pikapu ya jana," Johana alidakia. "Nilimwona akishika-shika sanduku yako."

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Kijana wa pikapu hakuwepo kujitetea. Bosibori aliutazama mlango huo kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu mno.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi, Baba. Nilienda na nusu inchi kwa kina Chepkurui kufunga wilbaro, ikapotea njiani. Nikaweka hii ndio usijue."

"Na saa hii uliponipa, ulijua?"

"Nilijua."

Omwenga hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliketi juu ya tairi, akapangusa uso kwa mkono wenye grisi.

"Bolti moja imelika kichwa," alisema. "Hiyo nitapambana nayo. Lakini ziko tano zingine, na ziko ndani nyuma ya feni, spana ya kawaida haifiki. Na mtu mwingine mwenye soketi za inchi yuko Kericho mjini. Bosibori, nenda utafute hiyo soketi. Usirudi kutafuta pale ulipokwisha kutafuta. Uliza watu."

Uliza watu! Siku zote hizo hakuwa ameuliza mtu hata mmoja, kwa sababu kuuliza ni kutangaza kuwa umepoteza. Alikimbia.

Chepkurui alikuwa uani akiosha vyombo. Bosibori alimweleza kila kitu bila kupumua. Chepkurui alisimama, sufuria mkononi.

"Kachuma kadogo hivi, kako na shimo mbili?" aliuliza.

"Ndiyo!"

"Kwani hiyo si ndio kengele ya Tuiya?"

Tuiya alikuwa ndama mweusi wa Kogo, mtundu wa kupita kiasi, aliyezoea kupotelea kwenye chai za watu. Kogo alikuwa ameokota kile chuma njiani akitoka kanisani. Akangoja mwenyewe aje kukidai, hakuja. Akapitisha kamba kwenye tundu la mraba, akaning'iniza msumari ndani, akamvisha ndama. Tangu siku hiyo Tuiya hakupotea tena. Kling, kling, kila mtu alijua aliko.

Walimsikia upande wa chini karibu na kijito. Kumsikia kulikuwa rahisi kuliko kumshika. Tuiya alidhani ni mchezo, akainua mkia, akazunguka kichaka mara wasizohesabu. Bosibori aliteleza akaanguka kwenye matope, akainuka, akaanguka tena. Mwishowe Chepkurui alimdanganya ndama kwa kumnyooshea vidole anyonye, na Bosibori akamkumbatia shingo kwa mikono miwili. Soketi ile! Nusu inchi, imeandikwa waziwazi, ina ute wa ndama.

"Fungua uende haraka," Chepkurui alisema.

Bosibori aliifungua kamba, kisha akasita. "Kogo yuko wapi?"

"Kituoni, na majani. Lakini wewe nenda tu, nitamwambia jioni."

"Hapana. Nilianza kwa kuchukua bila kusema. Nitapitia huko, ni njiani."

Kituo cha chai kilikuwa kibanda kirefu chenye paa, na siku hiyo kilijaa watu hadi nje. Magunia yamefungwa midomo, yamepangwa kwa foleni, na wenyewe wamekalia mawe wakitazama barabara. Kogo alikuwa karibu na mwanzo wa foleni, gunia lake limeegemea goti.

"Chamgei, Kogo," Bosibori alisalimia, matope yakimdondoka kwenye sketi.

"Mising, lakwet," Kogo aliitikia, yaani salama, mtoto. "Umeanguka wapi hivyo?"

Watu waligeuka. Bosibori alitamani aseme kwa kunong'ona, lakini mdomo ukikauka haunong'oni. Alijikuta akisema kwa sauti ya wote kusikia.

"Kogo, hii kengele ya Tuiya ni soketi ya baba. Niliichukua bila ruhusa, nikaipoteza, nikamficha. Sasa lori ya Bwana Johana iko kwetu imeharibika na haiwezi kufunguka bila hii. Naomba niirudishe."

Minong'ono ilianza. "Kwa hivyo tumekaa hapa kwa sababu ya mtoto?" mzee mmoja alinguruma. Bosibori alitazama miguu yake.

Kogo aliishika soketi, akaigeuza, akamrudishia. Ghafla mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwa hivyo majani yangu imekuwa ikingoja shingo ya ndama yangu!" alisema, na hata yule mzee akacheka bila kupenda. Kisha Kogo akawa mkali. "Sasa sema ukweli ingine. Hiyo lori inakuja saa hii?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, watu wafurahi. Bosibori alifikiria ile bolti iliyolika, pampu ya kutoa na pampu ya kuweka.

"Si saa hii, Kogo. Inaweza kufika jua likishuka."

"Mnasikia?" Kogo aliwageukia wenzake. "Na sisi tumefunga magunia kama lori iko hapo kona! Fungueni. Mwageni majani, tandazeni ipate hewa. Tukikaa hivi yote itaungua."

Hakuna aliyebisha. Kamba zilifunguliwa, majani yakamwagwa kwenye meza za kibanda, kwenye maturubai na kwenye leso za akina mama, kivulini. Watu waliingiza mikono ndani wakaona kweli yalikuwa yameanza kupata joto katikati. Bosibori hakungoja kuona zaidi. Alikimbia na soketi ameikaza kwenye ngumi, safari hii hakuuamini mfuko.

Alimkuta baba yake chini ya lori akipiga tupa kile kichwa cha bolti. Alikuwa amekichonga pande zake mpaka kikatosha soketi ndogo zaidi, akaigongea kwa nyundo, akavuta. Bolti ilipiga kelele ikalegea.

"Nusu inchi, Baba," Bosibori alisema. "Nimesoma namba."

Bolti zilizobaki zilifunguka moja baada ya nyingine, bila shida, kama zilivyotakiwa kufunguka tangu mwanzo. Bosibori alishika taa, akashika bakuli la bolti, hakuongea ila alipoulizwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea Sotik lori lilipowaka. Johana aliruka kwenye usukani hata hakuaga.

Asubuhi iliyofuata Bosibori hakuamshwa na mtu. Alikuwa macho tangu alfajiri, akisikiliza barabara. Lori la Johana lilipopita, lilipunguza mwendo, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Majani yote ilipokelewa! Karani wa kiwanda aliingiza mkono ndani, akasema hii haina joto, imelala vizuri. Hata ya Kogo, yote!"

Bosibori alikaa chini palepale. Omwenga alikuja akaketi kando yake kwenye tairi, ubao wa soketi magotini.

"Sasa tuongee," alisema. "Kupoteza soketi kunatokea. Hata mimi nimepoteza nyingi kuliko hizi. Kuitoa bila kuniambia ni kosa, na kwa hilo utaosha vifaa vyote kila jioni mpaka shule ifunguliwe. Lakini kilichotuumiza jana si hayo mawili. Ni hii kumi na tatu. Msumari ungebaki mtupu, ningeuona, ningeuliza, tungetafuta mapema. Wewe ukaufunga mdomo."

"Niliogopa, Baba."

"Najua. Lakini umeona kule kituoni, kama ulivyonisimulia jana. Watu waliposikia ukweli, hata kama ulikuwa mbaya, walipata la kufanya, na chai ikapona. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa tu wakingoja lori ambayo haiji. Ndiyo kazi ya uongo, mwanangu. Unawakalisha watu, na kitu kinaharibika wakiwa wamekaa."

Bosibori aliitikia kwa kichwa. Kisha akalitoa swali lililomchoma usiku kucha. "Na Agosti? Bado utanifundisha injini?"

Omwenga aliitoa ile soketi iliyochakaa mfukoni mwake, akaitupa kwenye pipa la vyuma vikuukuu.

"Jana Johana alikupa mtu wa kumsingizia, ukakataa," alisema. "Kwa hiyo Agosti tutafungua. Lakini bolti zote za injini utazitunza wewe. Na siku ikipotea moja, je?"

"Nitakuambia kabla hujauliza," Bosibori alijibu.